Umaskini Uliotunza Lavenham

Kama uliona Harry Potter and the Deathly Hallows, sehemu ya kwanza, ya mwaka 2010, basi Lavenham ushaiona bila kujua. Baadhi ya picha za Godric's Hollow, kile kijiji Harry anarudi usiku wa Krismasi kutafuta kaburi la wazazi wake, zilipigwa katika kijiji hiki cha Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Filamu ilitaka mahali panapoonekana pamerogwa, na Lavenham ilikuwa tayari. Nyumba zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana. Ghorofa za juu zimejitokeza juu ya barabara. Kutafuta dirisha lililonyooka ni kazi.

Mimi sijafika huko. Nimetembea Water Street na Market Place kwa simu, usiku, kupitia zile picha za barabara za ramani ya Google. Bando ikiisha, narudi kesho. Na kadiri nilivyorudi ndivyo nilivyogundua kwamba kile tunachopenda pale si kile waliojenga walitaka tuone.

Waliojenga walikuwa na pesa, na walitaka ijulikane. Katika karne ya 15 na mwanzo wa 16, Lavenham ilitajirika kwa vitambaa vizito vya sufu vilivyotiwa rangi ya buluu. Watu walikuwa wachache tu, lakini kijiji kilihesabiwa kati ya sehemu tajiri kabisa za Uingereza. Sasa angalia kuta zake. Nguzo za mwaloni zimesimamishwa karibu karibu, nyingi kuliko zinazohitajika kubeba paa. Mbao zilikuwa ghali, kwa hivyo kila nguzo ya ziada ilikuwa majigambo. Ni sawa na jamaa kuweka geti kubwa kuliko nyumba.

Kule kupinda je? Mafundi walitumia mwaloni mbichi kwa sababu mbao mbichi ni rahisi kuchonga. Ulipokauka ndani ya ukuta ukajikunja, ukavuta sakafu na madirisha pamoja nao. Hakuna tajiri aliyelipa fundi amjengee nyumba imepinda. Hicho tunachokipiga picha leo kiliingia baadaye, polepole, bila ruhusa ya mtu.

Na kati ya nguzo na nguzo hakuna jiwe. Kuna fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu na samadi, kisha chokaa juu. Nyanya yangu hangehitaji maelezo hapo. Angeuliza tu ni nani alikandika, na mbona akaacha mbao nje. Kule ukuta huo unalindwa na sheria. Huku tunauita nyumba ya matope, na siku ukiuhama ndio watu wanasema umeendelea.

Lakini mbona ukadumu? Jibu la haraka ni kwamba Waingereza wanajua kutunza vitu vyao. Mimi naona historia inasema kitu kingine. Kufikia mwisho wa karne ya 16 biashara ilikuwa imeanguka. Vitambaa vyepesi na vya bei nafuu, vilivyofumwa na wahamiaji Waholanzi kule Colchester, viliwanyang'anya soko. Miji mingine iliyoendelea kupata pesa ilibomoa nyumba za mbao ikajenga za matofali, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa fasheni. Lavenham haikuwa na uwezo wa kubomoa. Walioweza walipaka lipu juu ya mbao. Wengine waliishi tu humo, nyumba ikigawanywa vyumba, paa likizibwa panapovuja.

Kwa hivyo waliotutunzia Lavenham ni maskini, na njia yao ya kutunza ilikuwa kukosa hela ya kubadilisha.

Sheria ilikuja mwisho. Mwaka 1947 Uingereza ilipitisha sheria ya mipango iliyoleta orodha ya majengo ya kihistoria, ambayo leo yana madaraja matatu. Lavenham, yenye watu wasiofika 2,000, ina majengo zaidi ya 300 kwenye orodha hiyo. Ukimiliki mojawapo, huwezi kung'oa mlango wa zamani bila kibali. Ukikaidi, ni kosa la jinai. Nauheshimu ukali huo. Nimeona majumba mazuri yakigeuka vifusi kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi. Ila sheria hii inajua kulinda boriti, haijui kumlinda mtu aliyelala chini yake. Kukarabati nyumba kama hiyo kwa mwaloni na chokaa kunataka mfuko mzito. Wale waliozitunza kwa kukosa pesa hawangeweza kumudu leo kuzitunza kwa mujibu wa sheria.

Ndiyo maana jengo ninalolirudia zaidi ni Guildhall, pale Market Place. Lilijengwa mnamo 1529 na chama cha kidini cha matajiri wa kijiji, na ndilo linalotazamwa na kila mgeni. Lakini miaka minne tu kabla, mwezi Mei 1525, maelfu ya watu walikusanyika Lavenham kukataa kodi. Henry VIII alitaka pesa za vita Ufaransa, na serikali yake ikauita ushuru huo kwa jina la upole: mchango wa kirafiki. Wenye viwanda wakasema hawana tena cha kuwalipa wafumaji. Wafumaji wakatoka. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja aling'oa ndimi za kengele za kanisa ili zisilie kuwaita watu zaidi. Mwishowe mfalme akaiondoa kodi. Msomaji wa Nairobi hahitaji nimfafanulie zaidi.

Hao hawana nguzo iliyochongwa kwa fahari yao. Lakini Guildhall yenyewe, matajiri walipoisha, iligeuka jela na nyumba ya kazi ya maskini kabla ya kuwa makumbusho. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kweli zaidi ya jengo hilo. Lilijengwa kuonyesha nani ana nini, likaishia kuwahifadhi na kuwafungia wasio na kitu.

Nazipenda nyumba hizi, na nitaendelea kuzitazama. Ila siziamini tena zikionekana kama hadithi ya watoto. Ukiitazama tena ile filamu, achana kidogo na theluji na mishumaa. Tazama kuta za zile nyumba za Lavenham. Kuna mtu alikandika udongo ule kwa mikono yake, na hakuna orodha iliyoandika jina lake.