Mhunzi Huchagua Kabla ya Kupiga

Mhunzi husifiwa mkono wake: nguvu ya nyundo na uvumilivu wa moto. Naona sifa hiyo imewekwa mahali pasipo pake, kwani ustadi wake mkubwa ni kujua tabia ya kila metali kabla hajaigusa. Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kuna ushahidi wa zamani. Mwaka 1876 msafiri Stanley, akiwa mgeni wa Mukama (mfalme) Rumanyika, aliona katika nyumba ya hazina bata wa shaba njano wenye mabawa ya shaba nyekundu. Na miongoni mwa vifaa vya ufalme huo wamo ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu. Katika bata wale nasoma uamuzi wa fundi. Shaba nyekundu hutanuka chini ya nyundo bila kupasuka upesi, ikafaa bawa jembamba.

Leo ghala la fundi wa Kayanga au Nkwenda ni rundo la vyuma chakavu visivyo na lebo, na hapo ndipo akili inapopimwa. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha kushika makali. Nondo laini haina, na mundu wa kupogolea migomba uliofuliwa kwayo utakunja ncha mapema. Atazitofautishaje? Azigusishe kwenye grinda: cheche za springi huchanua matawi mengi, za chuma laini hurefuka zikiwa na matawi machache. Springi hiyo hiyo haitobolewi hivi hivi. Ichomwe mpaka iwe nyekundu, izikwe majivuni ipoe polepole. Shaba nyekundu ni kinyume chake, kwani ukiichoma na kuichovya majini hulainika, wakati springi ingekuwa ngumu na dhaifu kama kigae. Alumini huziba meno ya tupa, ndiyo maana mafundi huyapaka chaki kwanza. Chuma cha pua humwadhibu anayesitasita: keekee ikisugua bila kukata, pale pale panakuwa pagumu zaidi. Na bomba lililopakwa zinki lisitiwe motoni kabisa, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa yana bei nzuri, lakini bati lenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu; litaunga shaba, kisu halitoi.

Kuna atakayesema panga la dukani ni rahisi, ya nini kujisumbua? Anayelinunua hana kosa. Lakini kiwanda hakikai karibu na shamba lililovunja mpini wa chuma au jino la mashine. Ukarabati huo unamhitaji mtu anayejua kilichovunjika ni chuma gani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunawakuza mno wahenga. Kwa mfano, mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba matanuri ya Wahaya, majirani wa Karagwe, yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na wataalamu wengine wakapinga dai hilo. Hoja yangu haitegemei mshindi wa ubishi huo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na katika matanuri ya aina ile hakikutoka kikiwa maji bali bonge lenye vinyweleo, limechanganyika na taka. Ndani ya bonge moja, sehemu iliyonyonya kaboni nyingi ilikuwa ngumu, nyingine laini, na aliyefua jembe ilimbidi ajue ipi iende kwenye makali.