Mkono Uliomo Ndani ya Ndege

Hapana fani yenye unyenyekevu kama fani ya mchezesha makaragosi, kwa sababu yeye peke yake, miongoni mwa wote wapandao jukwaani, huhesabiwa kuwa amefaulu pale watazamaji wanaposahau kwamba yupo. Mtunzi wa mchezo jina lake huandikwa, na mshonaji kazi yake huonekana kwa macho. Bali mchezeshaji hukaa amejificha, mkono juu, jasho likimtiririka, na taadhima yote ikaenda kwa kiumbe cha sponji na manyoya. Ndiyo maana, watu waulizapo ni nani hasa aliyempa karagosi nafsi yake, aghalabu humpa haki mwenye kalamu. Nami napenda kumtolea ushahidi mwenye mkono, na shahidi wangu ni Caroll Spinney, Mmarekani aliyekuwa Big Bird, yule ndege mrefu wa manjano wa kipindi cha watoto kiitwacho Sesame Street, tangu kilipoanza mwezi wa Novemba 1969 hata alipostaafu mwaka 2018.

Kimo cha ndege huyo hukaribia mita mbili na nusu, na Spinney alikuwamo ndani yake mwili mzima. Mkono wa kulia aliuinua juu ya kichwa chake mwenyewe, ukabeba kichwa cha ndege na kufumbua na kufumba mdomo, huku kidole cha mwisho kikivuta wenzo wa kope. Mkono wa kushoto ulikaa katika bawa la kushoto, na bawa la kulia, lililokosa mkono wa kulijaza, likafuata kwa kuvutwa na uzi mwembamba wa kuvulia samaki. Nje hakukuona. Alichokitazama ni televisheni ndogo iliyofungwa kifuani pake, iliyomwonesha picha ile ile watakayoiona watoto majumbani mwao, na kurasa za mchezo zilibandikwa humo humo ndani ya vazi ili asome huku akitembea. Kwa hiyo maneno ya mtunzi na macho ya mtazamaji vilikutana kifuani pa mtu mmoja, gizani, naye ndiye aliyepaswa kuvisuluhisha.

Hapo mwanzo waandishi walimtaka Big Bird awe bwege, mshamba wa mwili mkubwa na akili haba. Spinney alimcheza hivyo, maana ndivyo alivyoandikiwa. Lakini kwa kukaa ndani yake alitambua kwamba aliyembeba alikuwa mtoto, asiyejua kwa sababu bado hajaambiwa. Akawaeleza wenziwe, nao waandishi, kwa insafu ambayo nawasifu kwayo, wakakubali, na ndege akawa na miaka sita. Kuna wimbo wake ambamo anaziona herufi zote za alfabeti zimepangwa mfululizo, akadhani ni neno moja refu, akajitahidi kulitamka. Mpumbavu akifanya hivyo, tutamcheka na kumsahau. Akifanya hivyo mtoto, tunaiona akili yake ikienda kwa miguu yake yenyewe, kwani ni nani aliyemwambia kwamba si neno? Herufi ni zile zile, na sauti ya wimbo ni ile ile.

Uso wa karagosi haukunjamani wala haung'ai. Furaha na huzuni huuvaa uso huo huo mmoja, na kinachozipambanua ni jinsi kichwa kilivyoinama, na muda wa kimya unaotangulia jawabu. Muda huo mtunzi hawezi kuuandika. Kadhalika Frank Oz, mchezeshaji wa nguruwe wa kike aitwaye Miss Piggy, alikuwa katika mazoezi ya kipindi cha makaragosi kiitwacho The Muppet Show ambapo mchezo ulimwagiza nguruwe yule ampige chura Kermit kofi. Yeye akampiga dharuba ya karate, na katika dharuba ile tabia nzima ya bibi yule ikamdhihirikia. Waandishi wakawa na mengi ya kuandika baada ya hapo. Tena Jerry Juhl, aliyekuja kuwa mkuu wa waandishi hao, alikuwa ameingia kwa Jim Henson, muumbaji wa makaragosi hayo, mwaka 1961 akiwa mchezeshaji, nami naamini kwamba huko ndiko alikojifunza kuuachia mkono nafasi.

Sitaki kumdhulumu mtunzi. Will Lee, aliyecheza Bwana Hooper mwenye duka, alipofariki mwezi wa Desemba 1982, wakuu wa kipindi wangeweza kusema kwamba mzee yule amehama. Wakakataa. Norman Stiles akaandika mchezo, ukaoneshwa mwezi wa Novemba 1983, ambamo Big Bird anawagawia watu wazima picha alizowachora, akabakiwa na ile ya Bwana Hooper, akauliza yuko wapi ampe. Wanamwambia kwamba amekufa na hatarudi. Naye anauliza kwa nini iwe hivyo, na wakubwa hawana jawabu la kumpa. Ujasiri wa kuwanyima wakubwa jawabu ni wa kalamu tu. Lakini bwege asingeweza kuliuliza swali lile. Lilimngoja mtoto, na mtoto yule alitoka mkononi, kama zilivyotoka picha zenyewe, ambazo Spinney alizichora kwa mkono wake.

Katika miaka ya mwisho, mizani ya mwili ilipompungukia, Spinney alibaki kumpa ndege sauti, na Matt Vogel, aliyekuwa chini ya mafunzo yake tangu miaka ya tisini, akaingia ndani ya vazi na kuinua mkono. Mwandishi mpya hukabidhiwa kurasa za wenziwe siku aanzayo kazi, akazisoma. Vogel alihitaji zaidi ya miaka ishirini kando ya mwalimu wake, akimtazama jinsi alivyoinamisha kichwa, kabla ya ndege yule kuwa wake, mkono na sauti pamoja.