Ndoano ya X-Trail 4Dogs: pale wabunifu walipokosea

Aliyetazama picha za X-Trail 4Dogs, gari la maonyesho ambalo tawi la Nissan nchini Uingereza lilizindua Juni 2017, bila shaka analikumbuka bafu. Buti zima lilikuwa la mbwa: bomba la kuogea linalomzunguka pande zote, kikaushio, rampu inayochomoka sakafuni, bakuli la maji lisilomwagika, kisanduku cha kudondosha vitafunio, spika, kamera, ngozi laini ukutani. Katikati ya vyote hivyo kulikuwa na ndoano. Mbwa anavishwa mkanda wa kifuani, mkanda unanaswa kwenye ndoano, mlango unafungwa, safari inaanza.

Siku ya ajali ndoano hiyo ndiyo inayobeba roho ya mnyama. Bafu halimwokoi, vitafunio havimwokoi. Kumtegemeza mbwa kwenye ndoano ndani ya buti, badala ya kizimba kilichopimwa kwa ajali, lilikuwa kosa la wazi, na ni kosa ambalo gari lenye bajeti ya namna ile halikuwa na sababu ya kulifanya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita takriban mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu kisichosogea, husimama ndani ya muda unaokaribia sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mbwa wa kilo 25 aliyeshikiliwa barabara, akapunguza mwendo sambamba na gari, anasukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 350 hivi. Hiyo ndiyo hali nzuri kabisa, na ndoano haiwezi kuitoa, kwa sababu mkanda wake lazima ulegee. Mbwa anahitaji kusimama, kujigeuza na kulala, kwa hiyo anaachiwa nafasi ya nusu mita au zaidi. Gari linapoanza kusimama, yeye bado anaruka mbele kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Anapofika mwisho wa nusu mita hiyo, mwendo wa gari umekwisha kuwa chini ya wake kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Kiasi chote hicho cha mwendo inabidi kimalizwe na mkanda uliokazika ghafla, ndani ya sentimita chache za mnyooko wa kitambaa na mbavu za mnyama.

Ukiufupisha mkanda, mbwa hawezi kulala. Ukiurefusha, unamwongezea kasi ya kujigonga. Mkanda wa binadamu uliepuka mtego huu kwa sababu mtu hukaa upande mmoja, mgongo kitini, na mkanda wenyewe hujivuta kumfuata. Mbwa sakafuni hakai hivyo. Mara ametazama nyuma, mara amelala ubavu, mara mguu umepita juu ya mkanda. Hakuna fundi anayeweza kujua nguvu itamjia kutoka upande gani wa mwili.

Kizimba kinaondoa tatizo hilo. Kuta zake ziko karibu, kwa hiyo mbwa hapati umbali wa kukusanya mwendo, na anapogonga, anagonga kwa ubavu mzima badala ya kukatwa na utepe mwembamba. Naye mbwa anabaki huru kugeuka na kulala atakavyo.

Kuna pia dakika zinazofuata ajali, ambazo wabunifu wa maonyesho huzisahau. Mwokoaji anafungua mlango wa nyuma na kumkuta mbwa ana maumivu, ana hofu, meno nje. Ili kuifikia ndoano, ni lazima apitishe mkono karibu na kinywa hicho. Akiikata, mbwa anarukia barabarani katikati ya magari. Mbwa aliyemo kizimbani anabaki mahali pake hadi watu walioumia wahudumiwe.

Haya hayakuwa siri mwaka 2017. Miaka minne kabla, Center for Pet Safety ya Marekani, ikishirikiana na Subaru, ilijaribu mikanda ya kifuani ya mbwa kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, wakitumia midoli yenye uzito na umbo la mbwa. Mkanda mmoja tu, Clickit Utility wa Sleepypod, ndio uliotangazwa kufanya vizuri kupita yote. Na ule ulikuwa umebuniwa kwa ajili ya kiti cha abiria, ukimkumbatia mbwa na kumbana kitini. Ndoano kwenye sakafu ya buti haina kiti cha kumbania.

Lawama nyingine ni ya sheria. Kanuni ya 57 ya Highway Code ya Uingereza inamtaka dereva amzuie mbwa asimvuruge wala kumjeruhi, kisha inataja mkanda, kikapu, kizimba na wavu wa kugawa gari kana kwamba vyote ni sawa. Haisemi kipi ni bora. Mtengenezaji anayetaka buti lake lipendeze kwenye picha anachagua kinachofichika kirahisi, na chuma cha kizimba hakifichiki.

Halafu ile kamera. Dereva anawekewa skrini amwone mbwa, na mbwa naye amwone dereva, wasikilizane. Ugonjwa huu wa kujaza skrini mbele ya dereva umepigiwa kelele miaka nenda rudi na bado unaongezeka. Kwa kilomita 100 kwa saa, macho yakiondoka barabarani sekunde mbili tu, gari limekwenda zaidi ya mita 55. Mbwa aliyefungiwa vizuri hana cha kutazamwa njiani. Dereva anayeona lazima amtazame ameshakiri kwamba hana imani na alivyomfunga.

Si kila kitu butini kilikuwa kosa. Rampu ilikuwa kazi safi, hasa kwa mbwa mzee mwenye nyonga mbovu, na bakuli la maji pia.

Magari yaliyotangulia yalikuwa na akili zaidi, hata bila kujitangaza. Volvo 240 ya station wagon, iliyotengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, ilikuwa na nyuma iliyosimama wima kama ukuta wa nyumba, na kizimba kirefu kiliingia bila kupunguzwa kichwa. Peugeot 504 station wagon, iliyobeba abiria wa safari ndefu Kenya kwa miaka mingi, nayo ilikuwa na sakafu ndefu na paa lililofika nyuma kabisa. SUV za leo zinalaza kioo cha nyuma ili zionekane za kasi, na kinacholiwa ni kimo cha buti, pale pale kichwa cha mbwa kinapotakiwa kuwa.

Kampuni ya MIM ya Sweden ndiyo iliyolielewa suala la kizimba butini kwa undani. Kizimba chake, Variocage, kinajibana chenyewe kinapogongwa, sehemu moja ikiingia ndani ya nyingine. Maana yake ni kubwa. Buti la SUV ni eneo linalotakiwa kubonyea gari linapogongwa kwa nyuma. Kizimba kigumu kisichobonyea kinasukumwa kwenye migongo ya watoto waliokaa mbele yake, na kizimba dhaifu kinamponda mbwa. Variocage ina pia mlango wa dharura unaoelekea kiti cha nyuma, kwa siku ambayo mlango wa buti umekwama.

Honda nayo iliikaribia shabaha mwaka 2009 ilipotangaza vifaa vya mbwa kwa ajili ya gari lake la Element. Kizimba chake kilikuwa cha kitambaa, na hilo ni pungufu, lakini wabunifu walikumbuka kitu cha thamani kuliko bafu: feni ya umeme kwa hewa ya nyuma. Mbwa hapoi kwa jasho kama binadamu, anapoa kwa kuhema, na kila anavyohema anaongeza unyevu kwenye hewa anayoivuta. Katika magari mengi matundu ya kiyoyozi yanaishia mbele au kiti cha pili, na dereva anayehisi baridi hajui kinachoendelea butini. Gari likiegeshwa juani hali ni mbaya zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha joto ndani ya gari likipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, sehemu kubwa katika nusu saa ya kwanza, na kuacha upenyo wa dirisha hakukusaidia kitu. Huko Mombasa au Dar es Salaam, ambako siku inaanza na joto, mbwa haachwi ndani ya gari lililozimwa hata kwa dakika za kununua mkate.

X-Trail zimejaa barabara za Afrika Mashariki, na mwenye nayo anaweza kufanya kazi bora kuliko ya maonyesho yale. Kizimba kigusane na mgongo wa kiti cha nyuma, ili nguvu ya kugonga isambae kwenye kiti kizima. Kifungwe kwenye pete za mizigo zilizoshikamana na bodi, kwa mikanda ya kukaza isiyovutika. Mpira wa tyubu unaofungia mizigo kwenye bodaboda haufai hapa, kwa sababu unanyooka na kukiachia kizimba kiruke. Chini ya mbwa itandikwe raba isiyoteleza badala ya kapeti, maana mbwa anayeteleza kila kona anafika amechoka misuli na ametapika. Kabla ya kulipia kizimba, mbwa apimwe kutoka pua hadi shina la mkia, na kimo chake akiwa amesimama kichwa juu. Vipimo hivyo vilinganishwe na buti mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu kioo kilicholala humega nafasi ya juu ambayo haionekani mlango ukiwa wazi.