Sanamu Inayooteshwa Gizani

Kile kichwa cha uyoga tunachokichuma na kukitia sufuriani ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zinazopenya ndani ya maranda au majani ya mpunga na kuyala polepole. Mkulima wa uyoga mamama anazijua vizuri. Akichana mfuko uliokwisha kuwa mweupe wote, makapi yaliyokuwa yakimwagika alipoyajaza sasa ni bonge moja gumu, lenye umbo la mfuko mpaka ile mikunjo midogo ya nailoni.

Mikunjo hiyo ndiyo inayonivutia mimi. Nyuzi zilizonakili mfuko zitanakili kalibu yoyote utakayozipa, na hapo ndipo sanaa inapoanzia.

Phil Ross, msanii wa Marekani, alianza kazi hii miaka ya 1990 kwa kutumia reishi, uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa miti na magogo. Mwaka 2009, kwenye jumba la sanaa la Kunsthalle mjini Düsseldorf, Ujerumani, alisimamisha kibanda cha chai kilichojengwa kwa matofali ya uyoga huo, na matofali yenyewe yakachemshwa yakawa chai ya wageni. Lakini kinachonishangaza zaidi ni sanamu zake ndogo. Hewa ikiwa nzito, imejaa kaboni dioksidi, reishi hurefuka na kugawanyika matawi membamba. Ikipata hewa safi hutandaza kofia bapa. Taa ikihamishwa, nayo hupinda kuifuata. Kwa hiyo patasi ya fundi huyu ni dirisha na taa.

Mmakonde anayechonga mpingo hupunguza. Mti wake umekua miaka 70 hadi 100, na pigo lolote la tezo haliwezi kurudishwa. Fundi wa uyoga hapunguzi kitu. Hupika maranda kuua vijidudu, hunawa mikono kwa spiriti, huchanganya mbegu, hufunika, kisha hungoja. Akizembea usafi, ukungu wa kijani humtangulia na kalibu nzima hutupwa. Akichelewa kukausha, sanamu huanza kuzaa uyoga mahali asipotaka. Ujuzi wake mkubwa ni kujua siku ya kuitia kwenye joto ili ikome kukua.

Tuseme kweli, si sanamu zote za uyoga zinazopendeza. Nyingine zinafanana na mkate uliolala. Hata hivyo naipenda kazi hii kwa sababu inatumia nguvu ileile inayoozesha gogo msituni, ambayo bila yake miti iliyoanguka ingelundikana na udongo ungekosa chakula. Mwaka 2014 mjini New York ulisimamishwa mnara ulioitwa Hy-Fi, wa matofali yapatayo 10,000 ya mabua ya mahindi yaliyogandishwa na nyuzi za uyoga. Kiangazi kilipokwisha ulibomolewa, matofali yakageuzwa mboji. Sijui sanamu ngapi za shaba zinaweza kuondoka kwa adabu hiyo.

Huku kwetu mabanda ya uyoga yapo, na wachongaji wapo. Ewe mwenye banda, safari ijayo chukua maranda yenye mbegu ya mfuko mmoja tu, uyajaze kwenye bakuli la plastiki safi. Yakishakuwa meupe, yatoe, yakaushe kwenye oveni, kisha umwite mchongaji jirani aje aone.