Kunakili, Kujinakili, Kujengewa: Tahakiki ya Lugha ya Kufundishia Urudufishaji wa DNA

Mjadala juu ya Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa msamiati. Huulizwa iwapo lugha ina neno la kitu hiki au kile, likikosekana, hutafutwa, likipatikana, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo halitoshi. Neno laweza kuwapo, likawa sanifu, likazoewa na wote, na bado likamfundisha mwanafunzi kinyume cha jambo lenyewe. Mfano tutakaouchunguza ni wa somo moja la baiolojia ya shule ya sekondari: namna DNA, yaani asidi iliyobeba maagizo ya urithi ndani ya seli, inavyoongezeka ikawa mbili kabla seli haijagawanyika.

Tumchukue mwanafunzi wa sekondari aishiye Huruma, mashariki ya Nairobi, katika majumba ya ghorofa yaliyosongamana jirani na Mathare na Kariobangi. Ngazini na barabarani husema Sheng. Katika kipindi cha Kiswahili hujifunza Kiswahili sanifu, lugha iliyopewa nafasi ya somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika kipindi cha baiolojia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini mlango wa maabara bado haujafunguliwa. Kinachotokea chajulikana na wengi waliowahi kufundisha: mwalimu hutoa fasili kwa Kiingereza; akiona nyuso zimekunjamana, hugeukia Kiswahili ili aeleweke. Ni katika maelezo hayo, yasiyoandikwa popote na yasiyokaguliwa na yeyote, ndipo dhana hujengwa au huharibika. Ni hapo pia ambapo sisi wanaisimu hatujaingia.

Maelezo yenyewe aghalabu husema kwamba DNA hujinakili, na mara nyingi huongezwa mfano wa mashine ya fotokopi. Katika neno hilo moja mna hitilafu mbili: ya kwanza imo katika mzizi, ya pili imo katika kiambishi.

Tuanze na mzizi. Kunakili, katika mazoea ya Kiswahili, ni kutoa cha pili huku cha kwanza kikibaki kizima. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi kwa hati yake nzuri ya Kiarabu. Mswada wa awali haukupasuliwa ili nusu yake iingie katika nakala. Mwanafunzi wa Huruma naye analijua neno hili kwa maana hiyo hiyo: hunakili ubaoni, na ubao hauondokewi na kitu. Asili ni asili, nakala ni nakala.

DNA haifanyiki hivyo. Umbo lake ni kama ngazi iliyosokotwa, yenye nyuzi mbili zilizounganishwa kwa jozi za besi: adenini hukutana na thaimini, gwanini hukutana na saitosini. Wakati wa urudufishaji nyuzi hizo huachana. Kila uzi huwa kiolezo, na kando yake hupangwa besi zinazolingana nao, moja baada ya moja, mpaka upatikane uzi mwenza. Mwishoni pana DNA mbili, na kila moja ina uzi mmoja wa kale na mmoja mpya. Ukiuliza ipi ni asili na ipi ni nakala, swali halina jibu.

Tofauti hii si ya kijuujuu. Watson na Crick walipotangaza umbo la DNA mwaka 1953, wakisaidiwa na picha za eksirei za Rosalind Franklin, walidokeza tu kwamba umbo hilo lenyewe laonyesha njia ya kuongezeka. Ilibaki kuthibitishwa, kwani iliwezekana pia kwamba DNA ya kale hubaki nzima na mpya hutengenezwa kando yake, sawasawa na fotokopi. Mwaka 1958 Meselson na Stahl walitangaza jaribio lililokata shauri. Waliotesha bakteria katika naitrojeni nzito mpaka DNA yao yote ikawa nzito, kisha wakawahamishia katika naitrojeni ya kawaida. Lau DNA ingekuwa hunakiliwa, kizazi cha kwanza kingetoa DNA za aina mbili: nzito tupu na nyepesi tupu. Ilipatikana aina moja tu, ya uzito wa kati. Katika kizazi cha pili nusu ilikuwa ya kati na nusu nyepesi. Kwa hiyo mwalimu atumiaye mfano wa fotokopi humfundisha mwanafunzi, bila kukusudia, ile dhana iliyokanushwa na jaribio hilo.

Hitilafu ya pili ni kiambishi -ji-. Katika sarufi yetu kiambishi hiki humfanya mtenda kuwa ndiye mtendwa: ajisifuye husifu nafsi yake, ajiponzaye huponza nafsi yake. DNA haina uwezo huo. Kimeng'enya kiitwacho helikasi huzitenganisha nyuzi. Kingine, polimerasi, ambacho Kornberg na wenzake walikipata katika bakteria mwaka 1956, huunganisha vijenzi vya uzi mpya. Vingine huunga vipande na kusahihisha makosa. Iweke DNA peke yake katika chupa, bila vimeng'enya na bila vijenzi, nayo haitaongezeka kamwe.

Yaweza kujibiwa kwamba Kiingereza nacho husema DNA hujinakili, wala sayansi yao haikuanguka. Ni kweli. Lakini mwanafunzi wao ana vitabu na michoro ya lugha yake ya kumsahihisha. Mwanafunzi wetu hana ila sentensi mbili tatu alizoambiwa kwa mdomo. Isitoshe, hatuna haja ya kuazima kasoro ya lugha nyingine ilhali lugha yetu ina njia iliyo bora.

Kwa jina la tukio, napendelea urudufishaji, ambalo mwanafunzi atalihusisha na maradufu, neno alilozoea. Lakini nalo hutaja idadi tu, halisemi namna. Namna hiyo twaipata katika mnyambuliko wa kitenzi cha kawaida kabisa: kujenga. Tazama sentensi hii: nyuzi mbili huachana, na kila uzi hujengewa mwenza. Kauli ya kutendana katika "huachana" yaonyesha kwamba hakuna uzi ulio mkuu. Kauli ya kutendewa katika "hujengewa" yasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mjenzi ni mwingine, na kwamba uzi wa kale ungalipo, ukipokea mwenza wake. Ni sentensi ambayo mtoto wa Huruma hahitaji kamusi ili aielewe.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kusaidia zaidi kwa kuwakumbusha wanafunzi takhmisi. Mtunzi wa takhmisi, kama Sayyid Abdallah bin Nasir alipozishughulikia beti zinazonasibishwa na Liyongo, haandiki nakala ya ubeti wa kale. Huuweka ndani ya ubeti wake, akaujengea vipande vitatu vipya vinavyolazimika kufuata kina cha kale. Mfano huu una mpaka: mshairi huchagua maneno yake, ambapo besi hazichaguliwi. Hata hivyo wamtia mwanafunzi katika fikra iliyo sahihi, ya kale na jipya kukaa katika umbo moja, na la kale kuliamuru jipya.

Kwa nini tushughulike hivi na kitenzi kimoja? Kwa sababu ya selimundu, istilahi ambayo ni mfano wa uundaji mzuri, kwani mtu aijuaye mundu huliona umbo la seli. Ugonjwa huu hutokana na badiliko la besi moja: katika uzi mmoja wa jeni, mahali pa adenini pamekaa thaimini. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye jeni moja ya aina hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu imeenea kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako familia nyingi za Huruma zina asili. Wazazi wawili wenye jeni hiyo, wao wenyewe wakiwa wazima, wana uwezekano wa mmoja katika wanne, kwa kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa. Aliyefahamu kwamba kila uzi hujengewa mwenza kwa kulingana nao atafahamu pia kwamba badiliko likishaingia hurudufishwa kwa uaminifu ule ule, kizazi hata kizazi, na kwamba hakuna mama wa kulaumiwa. Aliyekariri fasili ya mtihani hana la kumwambia jirani yake.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, iliyotolewa mwaka 1990, ilitupatia msingi wa majina. Kazi iliyobaki ni ya vitenzi na sentensi, nayo haiwezi kufanywa na kamati ya istilahi peke yake. Yafaa idara zetu ziwapeleke wanafunzi wa isimu katika vipindi vya baiolojia, wayaandike maelezo ya walimu yalivyo, pamoja na Sheng yake, kisha wayapime. Kipimo chenyewe ni chepesi: mwanafunzi aulizwe, baada ya DNA moja kurudufishwa mara mbili, ni ngapi kati ya zile nne zilizo na uzi wa kale. Aliyefundishwa kunakili atajibu moja. Aliyefundishwa kujengewa atajibu mbili.