Neno "Ndugu" katika Picha za Karate: Uhakiki kutoka Upande wa Mtendeli

Picha za mapigano zitokazo Hong Kong, ambazo watu huziita za karate ijapokuwa karate ni mchezo wa Wajapani, hudharauliwa na wasomi wengi kwa sababu moja: kwamba ni mateke matupu, na mateke hayahitaji lugha. Hoja hii ni dhaifu. Kama mateke yangetosha, Lufufu asingepata sifa Dar es Salaam kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake, wala watu wasingezitafuta kanda zake.

Ushahidi ulio wazi ni The Big Boss, filamu ya Bruce Lee ya mwaka 1971. Kijana Cheng apelekwa Thailand akakae na ndugu zake na kufanya kazi katika kiwanda cha barafu. Amemwapia mama yake kuwa hatapigana tena, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha kiapo hicho. Ndugu wawili wagundua kwamba ndani ya barafu hufichwa madawa ya kulevya. Wakataa kunyamaza, wakauawa. Waendao kwa tajiri kuuliza habari zao hawarudi. Sehemu kubwa ya picha yapita kabla Cheng hajainua mkono.

Mtu wa Kibondo au Kasulu hana haja ya kufafanuliwa kisa hiki. Enzi ya Waingereza vijana wengi wa Kiha walitoka nyanda za juu za Kigoma wakaenda manamba katika mashamba ya mkonge, Tanga na kwingineko. Ugeni, tajiri asiyeonekana, na nyapara aliye kati yake na wafanyakazi: hayo yote ni mambo ya nyumbani. Kidani kikatikapo, Cheng apigana, na badala ya kuadhibiwa apewa unyapara. Aandaliwa karamu, alewa, na ndugu zake waanza kumtazama kwa jicho la shaka. Hapo ndipo picha ilipo na nguvu yake yote, wala hapana teke hata moja.

Tafsiri ya Kiingereza huwataja jamaa hao kwa neno linalomtenga mtoto wa ami na ndugu wa tumbo moja. Mfasiri wa Kiswahili akiufuata Kiingereza atasema "binamu", naye ataiua hadithi, kwani deni la damu analolilipa Cheng ni deni la ndugu. Hapa "ndugu" ni neno sahihi, tena halina badali.

Lakini neno hilo hilo laharibu filamu nyingine. Katika Blood Brothers ya Chang Cheh (1973) wanaume watatu wasiozaliwa pamoja waapa udugu. Mmoja apanda cheo serikalini, amchukua mke wa mwenziwe, kisha amwua huyo mwenziwe. Wa tatu alipiza kisasi. Asili yake ni kisa cha kweli cha kuuawa kwa Ma Xinyi, mwaka 1870. Ubaya wa mkubwa huyo si kwamba amemwua ndugu tu, bali amevunja udugu alioutaka mwenyewe. Kiswahili kinalo jina la jambo hilo: kuchanjiana. Kusema "ndugu" pasipo kuongeza neno ni uvivu, hasa Tanzania, ambako tangu siku za TANU "ndugu" hutangulizwa mbele ya jina la mtu yeyote, hata asiyejulikana.

Mtendeli, katika Kibondo ya zamani ambayo sasa ni Kakonko, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofunguliwa mwaka 2016 na kufungwa 2021. Kirundi na Kiha ni lugha zinazosikilizana. Katika Kirundi, na vilevile Kinyarwanda, lipo tendo kunywana, lililojengwa kwa mzizi wa kunywa na kiambishi cha kutendana, kwa kuwa waliofanya agano walinyweshana damu. Na kutokana nalo Warundi humwita rafiki wa dhati umunywanyi. Mtu mwenye neno hilo kinywani aielewa Blood Brothers kuliko mfasiri wa mjini. Aambiwapo kwamba ndugu amemwua ndugu, atauliza kwanza: wa kuzaliwa, au wa kunywana?