Kikombe cha Ngano Kilichoua Keki ya Mtama Gumbo

Keki ile ilikufa kabla haijaonja moto. Mliokuwepo Gumbo, pembezoni mwa Juba, Jumamosi mliona: mama mpishi alichota kikombe cha unga wa ngano, akakimwaga ndani ya rojo la mtama lililolala usiku kucha.

Na lilikuwa rojo! Unga wa mtama, maji ya vuguvugu, chachu iliyobaki kwenye kisra ya jana, ule mkate mwembamba wa mtama, chungu kikafunikwa. Asubuhi povu limejaa juu, viputo vinapasuka, uchachu unapiga puani. Ilibaki kutia asali, chumvi na ufuta, kisha kumimina. Mama akalitazama, akaliona jepesi, akaingiwa na woga. Ngano ikaingia, mwiko ukafuata, akalipiga kama anayesonga ugali wa harusi.

Mtama hauna glutini, ule mnato wa ngano unaofungia hewa. Hewa ya rojo la mtama imeshikwa kwa uzito wa rojo lenyewe tu, mpaka moto uuvimbishe wanga na kuigandisha pale ilipo. Ukilipiga dakika ya mwisho, hewa imetoka, na hairudi mpaka uliache tena saa kadhaa lichachuke upya. Yeye hakuliacha hata dakika kumi. Ngano nayo ikampa nini? Madonge, na ule mnato wa kutafuna kama mpira. Tulipokata tukaona wenyewe: chini utando mbichi, juu ganda gumu.

Kama aliitaka ngano, ingeingia jana usiku, ilowe na kuchacha pamoja na wenzake. Kama shida ilikuwa wepesi, angeyamwaga yale maji yaliyojitenga juu. Au angechota rojo kidogo, akalipika likawa uji mzito, akaurudisha ukishapoa. Wahabeshi hufanya hivyo kwenye injera, mkate wao wa kuchachusha, wanaita absit, na hakuna anayewafundisha kupika.

Ufuta aliukaanga vizuri, makaa ya juu na ya chini yalilingana, na sharubati ya ukwaju ya kumwagia juu haikuwa na kosa.

Wasomaji wa safu hii wanajua nina ugomvi na ngano. Gumbo imekaa kwenye barabara ya Nimule, lami tangu 2012, na malori kutoka Uganda hupita hapo kabla ya kuvuka Nile kuingia mjini. Gunia la ngano liko mlangoni, basi kila mpishi akitetemeka mkono unakwenda huko. Hata kisra siku hizi wengi wanaitilia ngano, eti isichanike. Si ngano inayoizuia kuchanika. Ni mkono. Wanawake wa zamani walimwaga ajini, yaani rojo, ya dura tupu, mtama wenyewe, kwenye doka, lile bamba la kuokea, wakaitandaza kwa kipande cha ukindu, wakaibandua nzima. Hamid Dirar alipotoa kitabu chake cha vyakula vya kuchachusha vya Sudan mwaka 1993, kisra aliipa nafasi kubwa, na waliomfundisha hawakuwa na shahada wala kopo la hamira. Pwani nako bibi zetu walioka mikate ya mofa kwa mtama, na hakuna aliyeomba msamaha kwamba haikuumuka kama boflo.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mama yule hakukosa ujuzi. Rojo la usiku ule halitengenezwi na mwanagenzi. Alikuwa akiwaza keki ya dukani, ile ndefu ya kukatwa na bwana harusi, akaidai kwa mtama. Keki ya mtama ni fupi, nzito kidogo, inamegeka, na utamu wake unakaa kwenye ule uchachu alioulea kwa usiku mzima.

Jumamosi ijayo ni zamu ya ligemati, vile vitumbua vya duara vya kukaanga. Hizo ni za ngano tangu zilipozaliwa. Hapo mama apige mwiko hadi bega limuume, nami nitanyamaza.